Mukwe Mbele, Taa Nyuma

Masisi, tarehe 9 mwezi wa pili 1959. Toka asubuhi ukungu umekaa juu ya vilima, mvua ndogo inanyesha bila kelele, na kuku wote wameingia chini ya meza ninayoandikia.

Vijana wa garaji walikuja Jumapili kuniaga, wakaniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Niliwaambia kwamba katika shule ya Mapadri nilifika mwaka wa tatu tu, na hata huo sikuumaliza. Wakasema haidhuru. Basi ninaandika, lakini mtu akikuta kosa alisahihishe pembeni, asinicheke barabarani. Kazi nimeiacha kwa sababu ya macho. Fundi wa umeme wa gari asiyeweza kutofautisha waya nyekundu na waya ya kahawia ni mtu wa hatari, na mimi nilikuwa nimefika pa kuuliza wapita njia rangi. Habari za nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa sitaziandika. Waliopandishwa wanazijua, na ambao hawakupandishwa wanazijua zaidi.

Siku yangu ya kwanza garaji nilivaa shati la kanisani. Papa Gervais, mkubwa wa umeme, aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni akaniambia nilale chini ya kamiyo, lori la mizigo. Alikuwa mtu wa Muheto, mfupi, mwenye mikono mipana ya mlimaji, na sikumbuki kumwona akicheka, ingawa mke wake aliniapia kwamba nyumbani alicheka. Alinipa kitu kimoja tu: balbu ndogo yenye waya mbili, ya kujaribia kama umeme unapita. Sikuruhusiwa kugusa kifaa kingine mpaka niijue ile balbu kama kijiko changu. Alinifundisha kwamba umeme unakwenda kwa waya na unarudi kwa chuma chenyewe cha gari. Hicho chuma cha kurudia tunakiita masi. Waya ikiwa nzima na taa haiwaki, alisema, usitukane balbu, tafuta masi. Shati la kanisani halikurudi kanisani.

Niliona magonjwa mengi ya taa. Kamiyo za samaki kutoka Shasha zilitusumbua kupita zote, kwa kuwa maji ya chumvi ya samaki wale yalidondoka juu ya waya mchana kutwa, na usiku paka walikuja kumalizia. Kulikuwa na shoferi mmoja aliyedai taa yake inawaka akiimba. Tulimcheka mpaka Papa Gervais alipogundua kwamba mtu huyo akiimba alipiga mguu sakafuni, na pale chini palikuwa na waya iliyolegea. Kwa hiyo hakusema uongo. Ninaandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakuishi kusikia tukikubali.

Lakini vijana waliniomba hasa ile habari ya Kashebere, ambayo wameisikia kwa watu wanaotia chumvi. Nitaieleza jinsi nilivyoiona, na mahali ambapo sikuona nitasema sikuona.

Ilikuwa karibu mwaka 1949, sitaapa. Papa Anaclet, shoferi mzee wa garaji yetu, alikuwa anapanda kutoka Walikale na mapipa ya mafuta ya mawese. Alipofika Kashebere akagonga jiwe. Motere ikavunjika ndani, batri ikapasuka, na kamiyo ikafia pale pale karibu na daraja, ikala nusu ya barabara. Agent wa teritware, ofisa wa serikali, akapita. Hakupiga kelele. Alitoa mkono, akachukua permi ya Papa Anaclet, karatasi yake ya ruhusa ya kuendesha, akaitia mfukoni mwake. Akasema ile kamiyo ivutwe mpaka Masisi, na ipite mbele yake kwenye barieri ya Nyabiondo, kile kizuizi cha barabara, kabla ya barabara kufungwa Jumamosi jioni. Tena ipite na taa za nyuma zinazowaka, ile nyekundu na ile ya freni. Ikipita hivyo, permi inarudi. Isipopita, permi inakwenda Goma, na sisi wote tulijua permi iliyokwenda Goma haina njia ya kurudi.

Nimpe Agent haki yake. Mwezi uliotangulia kamiyo isiyo na taa nyuma ilikuwa imegongwa ndani ya ukungu kwenye kona, na watu waliumia. Hakubuni sheria ile ili amtese mzee.

Lakini nimpe haki yake na Papa Anaclet. Alikuwa hana shamba. Ndugu zake walikuwa wamegawana kilima cha baba yao wakati yeye yuko barabarani, na hakudai, kwa sababu shamba lake lilikuwa kile kiti cha shoferi. Permi ikienda, angekuwa mzee asiye na kitu cha kufanya asubuhi.

Papa Gervais alinituma mimi na kamiyo ya kuvuta. Shoferi aliyekuwa huru siku hiyo alikuwa mmoja tu, Bauma, na Bauma alikuwa amemuoa binti ya Papa Anaclet. Ninyi wa leo mnakaa meza moja na baba-mukwe na mnamwomba sigara. Sisi hapana, tulikuwa na bukwe, heshima ya wakwe. Mukwe akikutana na baba wa mke wake njiani, anatoka njiani, anaingia majanini, anangoja mzee apite. Hamwiti jina. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hawali pamoja. Bauma aliposikia ni nani tunayekwenda kumvuta, alingoja mpaka tukavuka mto wa pili, ndipo akaniuliza kama ninajua kuendesha. Nilimwambia mimi ninajua waya, usukani siujui. Akaendelea kuendesha.

Tulifika Kashebere Ijumaa jioni, tukalala, na Jumamosi asubuhi soko lilikuwa limejaa. Papa Anaclet alikuwa amekaa ndani ya kamiyo yake mlango umefungwa. Bauma alisimamisha yetu mbele, akashuka upande wa pili, akaenda kusimama majanini nyuma ya mgomba. Nilipoleta mnyororo, mzee alishusha kioo kidogo.

“Ule njo nani analeta kamiyo?” aliniuliza, na alikuwa amekwisha kumwona.

“Ni mukwe wenu, Papa.”

“Basi rudisha munyororo. Muntu alileta mbuzi kwangu juu ya binti yangu. Sasa anataka kunivuta na miye na kamba, mbele ya soko.”

Watu wa soko walisogea wasikose. Mama Sifa, muuzaji wa mafuta ambaye mapipa yalikuwa yake, alikuwa amekaa juu ya mapipa hayo siku zote kuyalinda. Aliinama kutoka juu ya mzigo.

“Papa Anaclet, mafuta yangu haina bukwe na mutu,” alisema. “Ivutwe.”

Akatoa shauri ambalo hata mimi nililiona zuri: wabadilishane, mzee aendeshe mbele na kijana ashike usukani wa nyuma. Lakini mzee hakuwa na permi, na asiye na permi haendeshi gari lenye motere hai. Kushika usukani wa gari lililokufa Agent alimruhusu, kwa kuwa kwa maneno yake gari lililokufa ni mzigo. Neno hilo la mzigo, Papa Anaclet alikuwa amelikalia toka siku ile, na lilikuwa bado linamchoma.

Nikaona labda nikimweleza kazi ya taa atatulia. Labda nilikosea kueleza mapema. Nilimwambia kwamba taa yake ya nyuma itapata umeme kutoka batri ya mbele, kwa waya mbili. Moja ni ya taa nyekundu, inawaka wakati wote. Ya pili ni ya freni. Bauma akikanyaga freni mbele, taa ya freni ya mzee inawaka nyuma.

Alifikiri kidogo.

“Na miye nikikanyaga yangu?”

“Haitawaka, Papa. Batri yenu imekufa.”

“Kwa hiyo taa yangu inawaka na muguu ya mukwe. Yangu haina maana.”

Ilikuwa kweli. Na tena, kwa kazi yenyewe, alikuwa na sababu. Mnyororo si kama ile barre, nondo ya chuma ya kuvutia tuliyozoea, ambayo siku hiyo ilikuwa imekwenda na gari lingine. Ukivutwa na mnyororo, wewe wa nyuma ndiye unakanyaga freni zaidi, usije ukamgonga wa mbele. Taa isiyosikia mguu wa nyuma ni nusu ya taa. Nilikwenda kukaa juu ya gurudumu la akiba, nikachora na kijiti chini. Swichi ya freni ya mzee ilikuwa nzima, ilikosa umeme tu. Nikipitisha umeme wa taa nyekundu kwenye swichi yake, mguu wake utawasha taa yake. Na nikiacha pia waya ya freni kutoka mbele, mguu wa Bauma utaiwasha vilevile. Miguu miwili, taa moja. Nilirudi kumwambia.

“Yeyote kati yenu akikanyaga, inawaka. Hakuna aliye juu ya mwingine.”

“Yangu inawaka kweli?”

“Inawaka.”

Akapandisha kioo. Mama Sifa alisema kwamba mzee huyo akipandisha kioo bila kutukana, amekubali.

Kamiyo za wakati ule zilikuwa na taa moja tu nyuma, upande wa kushoto, yenye balbu mbili ndani. Nilivua kile kikombe cha taa mbele na nyuma, nikakwangua kutu kwa kisu, nikavuta waya zangu mbili chini ya mzigo, nikizifunga kila hatua kwa utepe mweusi zisije zikaburuzwa. Mwisho wake nilizifunga na mnyororo, nikiziachia kulegea kidogo, kwa maana gari likikata kona, waya iliyonyooka inakatika. Masi sikuivutia waya. Garaji yetu yote tulifanya hivyo: na barre, chuma kinashika chuma, na umeme unarudi vizuri. Nilijaribu kwa balbu yangu. Ilikuwa inang'aa. Bauma alikanyaga, taa ikawaka. Mzee akakanyaga, taa ikawaka. Soko likatawanyika, na mimi niliona wengine wamekasirika kidogo kwa kuwa jambo lilikuwa limekwisha vizuri.

Tuliondoka. Mimi nilikaa nyuma ya kamiyo ya mbele, uso kwa mzee, kwa kuwa wale wawili hawakuweza kuitana. Mmoja akitaka kitu, anakipitisha kwangu. Bauma alisema mbele, mwambie Papa barabara ina shimo kushoto. Nikamwambia. Mzee akasema nyuma, mwambie yule muntu nilikuwa napita shimo hilo wakati yeye ananyonya. Hilo sikulipitisha. Mama Sifa alikaa juu ya mapipa yake nyuma kabisa, akiinama kuangalia taa, kwa sababu mimi pale nilipokaa sikuweza kuiona.

Kilima cha kwanza tukapanda vizuri. Tulipoanza kushuka, sauti ya Mama Sifa ikaja.

“Imelala.”

Nikapiga bodi, Bauma akasimamisha, nikashuka kukagua. Mnyororo ulijivuta tulipoanza tena, na taa ikawaka mbele ya macho yangu. Kwenye mteremko uliofuata akasema tena imelala, na kwenye mpando akasema imeamka. Ikawa hivyo, kulala na kuamka. Mama Sifa alianza kusema kwamba taa yangu inaogopa kushuka, kama mama aliyemzaa yeye mwenyewe. Papa Anaclet alitoa kichwa dirishani akasema tatizo ni kuendesha kwa mukwe, kwamba mtu anayeendesha bila adabu hata umeme unamkataa. Kidogo niamini.

Wakati huohuo ikatokea jambo la pili. Mzee alikanyaga freni, na taa ya freni ya kamiyo ya mbele, ile iliyokuwa karibu na miguu yangu, ikawaka. Bauma hakuwa amekanyaga kitu. Nikaelewa upesi: waya yangu ya freni iliunganisha taa zote mbili, na umeme haujui mbele na nyuma. Mguu wa mzee uliwasha yake, kisha ukapanda kwa waya ileile mpaka taa ya mukwe. Papa Anaclet aliiangalia. Akaachilia, ikazimika. Akakanyaga, ikawaka. Akafanya hivyo mara kadhaa, na uso wake ambao toka asubuhi ulikuwa kama jiwe la kusagia ulianza kulegea.

“Ile inawaka na muguu yangu?” aliniuliza.

“Ndiyo, Papa. Ni kosa kidogo, nitaikata tukisimama.”

“Usiguse.”

Nilijiuliza kama ni haki kumficha Bauma. Taa ni ya kamiyo yake. Tuliposimama kwa ajili ya ile taa inayolala, nikamweleza. Aliangalia chini, akafuta mikono kwenye kaptula.

“Ni mukubwa wangu,” alisema. “Aiwashe.”

Ugonjwa wa kulala niliupata nilipokaa chini kati ya magari mawili na balbu yangu. Mnyororo ukinyooka, chuma kinashika chuma, umeme unarudi. Tukishuka, gari la nyuma linasogea, mnyororo unalegea, pete zenye kutu zinaachana, na umeme unakosa njia ya kurudi nyumbani. Haikuwa uoga wala adabu. Dawa yake ilikuwa waya moja fupi kutoka chuma cha mbele mpaka chuma cha nyuma, na mimi sikuwa na waya hata ya kufungia kuku. Utepe ulikuwepo. Waya hapana. Na ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na barieri ingefungwa, na baada ya hapo ni Goma. Nilisema hayo kwa sauti. Papa Anaclet alisikia. Hakutukana mtu. Aliweka mikono miwili juu ya usukani, akaangalia mbele, kama mtu anayekaa kwenye kiti ambacho kesho si chake.

Bauma alikwenda mbele. Nikasikia bonneti inafunguliwa. Akarudi na waya nyeusi nzuri, ndefu ya kutosha, akaniwekea chini karibu na goti.

Ilikuwa waya ya klaksoni, honi ya kamiyo yake. Nilimkumbusha kwamba kona za kuelekea Nyabiondo ndani ya ukungu, bila klaksoni, si mchezo. Akasema Mama Sifa ana sauti. Mama Sifa alisema juu ya mapipa kwamba sauti yake hakuna aliyeiomba kwa heshima, lakini ataitoa.

Nilikwangua chuma mpaka kikang'aa, nikafunga waya kwa bulo na nati huku na huku. Taa haikulala tena. Kila kona Mama Sifa aliimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zote, na wanyama wa porini, nadhani, walihama. Papa Anaclet alikanyaga freni yake pale palipohitajika na, nikiwa mkweli, mahali pengi ambapo haikuhitajika.

Mlinzi wa barieri alipotuona alipiga ngoma mara moja, maana kila gari lilikuwa na pigo lake, akatuangalia, akafikiri, akapiga tena. Hakujua kama sisi ni gari moja ao mawili. Agent alikuwa amesimama na koti la mvua. Bauma, kwa kuwa mzee angeweza kushuka, alikwisha kuruka chini na kuingia majanini kofia mkononi. Agent alianzia mbele. Akasimama nyuma ya kamiyo ya Bauma, na taa ya freni ikawaka. Akatazama ndani ya kabina. Hakuna mtu. Taa ikazimika, ikawaka tena. Akaniita.

“Nani anakanyaga?”

“Shoferi wa nyuma, Bwana.”

“Taa hii ni ya gari la mbele.”

Nilimweleza kwa Kiswahili changu na kidogo cha Kifaransa ambacho sikifahamu, waya kwa waya, na bukwe pia, maana bila bukwe waya zile hazieleweki. Sijui kama alifuata. Alikwenda nyuma kabisa, akaagiza mzee akanyage, akaona. Akaagiza Bauma aitwe kutoka majanini akanyage, akaona. Akatuagiza sisi na walinzi tusukume gari la nyuma mpaka mnyororo ulegee, akaona bado inawaka.

“Sheria inataka taa iwake mtu akifunga freni,” alisema. “Haikuandika mguu wa nani.”

Akatoa permi mfukoni, akampa Bauma aliyekuwa karibu, akaondoka kwenda kuangalia gari lingine.

Bauma alibaki ameishika kwa vidole viwili kama yai bichi. Alitazama mlango wa mzee, akanitazama. Nikaichukua kwake, nikampelekea Papa Anaclet. Aliifungua, akasoma jina lake taratibu ingawa hakuna aliyembadilishia, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

“Mwambie yule muntu,” alisema, akikigusa kile kifungo. “Mwambie waya ya klaksoni nitairudisha miye mwenyewe, na mikono yangu. Fundi asiiguse.”

Tuliingia Masisi jioni na mvua. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa karibu na garaji, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda mbali, basi mke wangu akapika kwa wote. Papa Anaclet alikaa sebuleni. Bauma, kwa kuwa hawali pamoja, alikaa jikoni nyuma ya ukuta na Mama Sifa, ambaye alitoa kopo la mawese yake mapya. Tulikula bugali ya muhogo, maharagi ya mawese na samaki wakavu wa Shasha. Sahani ya pilipili ilikuwa moja. Mzee aliniambia niipeleke kwa yule muntu, ataihitaji, ameendesha muzuri. Bauma alinirudisha nayo, nimwambie Papa atangulie. Mzee akanirudisha tena. Mimi nilikula bugali iliyopoa.